Kitambaa Juu ya Kompyuta

Programu ile niliiandika mwenyewe, kwa hiyo siwezi kumsingizia mtu. Ilikuwa ya karakana ndogo ya miguu ya bandia huku Changamwe. Karakana ilikuwa na kompyuta mbili, moja chumba cha mbele cha vipimo na moja nyuma kwa mafundi, zote zikisoma hifadhidata moja. Nilihofia watu wawili wasije wakabadilisha vipimo vya mteja mmoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo nikaweka kizuizi: aliyefungua rekodi kwanza ndiye mwenye nayo mpaka aifunge. Kazi nzuri, nilijisifu. Ujumbe wa kumwambia yule wa pili kwamba amezuiwa niliuandika mwisho kabisa, nikiwa na njaa. Ulisema: “Hitilafu. Haiwezekani kuendelea. Jaribu tena.”

Jumanne moja alinipigia simu fundi wa kike wa chumba cha nyuma, yule anayetengeneza kikombe kinachopokea kigutu, ile sehemu inayobaki mguu ukishakatwa.

“Kitu chako hiki chanikatalia tangu asubuhi,” akasema. “Najaribu tena, najaribu tena. Nijaribu mpaka lini?”

Mteja ambaye rekodi yake ilikataa alikuwa mama mmoja wa Jomvu Kuu aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi, na mama alikuwa ameshawaambia karakana nzima haja yake: siku hiyo awapokee wageni mlangoni akiwa amesimama. Hakutaka jingine.

Nilifika nikiwa na uhakika kwamba ni nyaya. Nikabadilisha nyaya. Ujumbe ukabaki pale pale. Nikasema ni mtandao, nikauzima na kuuwasha, haikusaidia. Nikasaka virusi saa nzima, jasho likinitoka. Rekodi za wateja wengine zote zilifunguka bila shida, ya mama huyu peke yake ikakataa. Nilisoma maneno yangu mwenyewe, “Haiwezekani kuendelea,” nikashindwa kujua nilimaanisha nini. Mlinzi wa lango alichungulia akasema pengine ni mambo ya watu, ya uchawi. Nilicheka, lakini wallahi kwa dakika moja nilimwamini.

Mwisho nikaenda chumba cha mbele. Fundi mkuu wa vipimo, mzee, alikuwa ameondoka jana yake kwenda kuzika ndugu yake Kwale. Kompyuta yake ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe. Nikadhani ni kwa ajili ya vumbi. Nikakitoa, nikakuta kioo cheusi, nikaona imekwama, nikaizima kwa swichi ya ukutani, nikawasha upya. Kule nyuma nikasikia shangwe: rekodi imefunguka! Nililetewa chai na mahamri, nikaeleza mambo ya virusi kwa sauti ya mtu anayejua. Fundi wa nyuma akasoma vipimo, akaanza kazi.

Ijumaa mama alikuja kujaribu mguu. Kigutu hakikuingia. Akasukuma, akauma midomo, akajaribu tena akiwa ameshika meza, mpaka machozi yakamtoka. Fundi wa nyuma alipima upya akaona kikombe ni kidogo kuliko kigutu. Akanitazama mimi. Sikuelewa. Vipimo vilikuwa pale kwenye kioo, vimeandikwa vizuri, sasa kosa liko wapi?

Mzee alirudi mchana huo, angali na kanzu ya msibani. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akatazama meza yake.

“Nani alokiondoa kitambaa changu?”

“Mimi, Mzee. Kompyuta ilikuwa imekwama.”

“Haikukwama, mwanangu. Nimeiwacha wazi kusudi.” Akaketi. Mguu wa mteja ambao haujaisha kutengenezwa, akanieleza, huachwa juu ya meza na kufunikwa kitambaa, na hakuna fundi anayeugusa mpaka aliyeufunika arudi. Ndivyo alivyofunzwa na aliyemfunza. Jumatatu alimpima mama upya, akaona kigutu kimenenepa, akaandika vipimo vipya. Alitaka ampime tena siku nyingine kabla ya kuvihifadhi, kwa kuwa kigutu cha asubuhi si cha jioni. Kisha simu ya msiba ikaja. Akaiacha rekodi wazi, akaifunika kama anavyofunika mguu.

Kwa hiyo vipimo vipya nilivifuta mimi, kwa swichi ya ukutani, na vilivyobaki vilikuwa vya zamani.

“Ungeniuliza,” akasema. “Kuuliza si ujinga.”

Nilitaka kumjibu kwamba sikujua ni nani wa kumuuliza. Kisha nikakumbuka kwamba programu ilijua. Ilijua tangu mwanzo nani amefungua, tangu lini, na kwamba hajahifadhi. Mimi ndiye ambaye sikuiachia maneno ya kusema. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Plasta ya kufinyangia kikombe kipya haikauki kwa usiku mmoja. Jumamosi mama aliwapokea wageni akiwa kitini.

Wiki iliyofuata alikuja kuchukua mguu mpya, nao ukaingia vizuri. Alipokuwa akijizoeza kutembea chumbani aliniona kwenye kompyuta ya nyuma, akasogea polepole akaomba nimsomee nilichobadilisha. Nikamsomea ujumbe ambao ungetokea siku ile:

“Rekodi hii ameifungua fundi wa chumba cha vipimo, tangu Jumatatu saa nne asubuhi. Alichoandika hajakihifadhi. Usizime kompyuta yake. Muulize kwanza.”

“Ni hayo tu?”

“Ni hayo tu, Mama.”

“Na kuyaandika kulikuchukua muda gani?”

Nilitamani kusema uongo.

“Dakika kumi.”

Alitembea mpaka mlango wa karakana, akasimama pale bila kushika ukuta, uso kuelekea nje, na kwa muda mrefu hakuna aliyemwambia aketi.