Komando wa Theluji na Fulana Yake

Asubuhi moja niliikuta suruali ya jinzi imesimama wima kwenye varanda ya bweni, miguu imetanuka, ndani hakuna mtu.

Nikaigusa. Ngumu kama mlango.

Mwenye suruali alikuwa jirani yangu wa chumba cha pili. Tulitoka chuo kimoja nyumbani, tukaletwa kusoma muhula mmoja kwenye nchi ambayo ndani ya friji kuna joto kuliko nje. Bwana kafua, kaanika, kasubiri jua.

Tulimwita Komando. Jina alijipa mwenyewe, na hilo tu lilitosha kunionyesha ni mtu wa aina gani.

"Imekauka?" aliuliza, kichwa peke yake kikichungulia mlangoni.

"Imekauka mpaka imekuwa mtu. Ipe kiti ikae."

"Acha ushamba wewe. Baridi iko kichwani."

Huo ndio ulikuwa wimbo wake. Baridi iko kichwani. Aliuimba akiwa amelikumbatia bomba la joto la ukutani kama mtoto anayemng'ang'ania mama yake siku ya kwanza ya shule.

Mimi ni mtu ninayeamini kila binadamu ana kitu kizuri ndani yake. Kwa Komando nilikitafuta muhula mzima.

Kichefuchefu chenyewe kilikuwa Jumamosi. Anavaa fulana ya mikono mifupi, anatoka mbele ya bweni, anasimama kwenye theluji, mikono kiunoni, tabasamu mpaka masikioni. Anapigwa picha tano. Kisha anakimbilia ndani meno yakigongana kama cherehani, machozi yanamtoka, anakaa nusu saa hawezi hata kushika kijiko.

Picha zinakwenda kwenye kundi la simu la wanafunzi wa chuo chetu waliokuwa wanajiandaa kuja muhula unaofuata.

"Wadogo zangu, msihangaike na makoti. Huku ni kibaridi tu. Begi jazeni vitu vya maana."

Kwenye kundi hilo nilikuwemo na mimi, na alikuwemo binti wa mama mdogo. Mdogo wangu kabisa, tumekula sahani moja tangu utotoni. Mama mdogo alikuwa ameshamtafutia koti zito na buti za mtumba.

Nilijua yumo. Nikajiambia, ana akili zake, hawezi kumsikiliza punguani huyu.

Na niseme ukweli, nilikuwa nafurahia. Nilisubiri siku Komando atakayoumbuka, nikae pembeni niangalie.

Wageni walifika wiki mbili kabla ya sisi kuondoka. Basi la kutoka uwanja wa ndege liliwashusha kituo siyo, wakasubiri jingine karibu saa nzima. Mdogo wangu alivaa viatu vya kitambaa. Miguu ilipokufa ganzi, alidhani ni uchovu wa safari.

Nilimkuta hospitali. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vimekuwa vyeusi. Daktari alisema kimoja huenda kikapona. Kile kidogo kitakatwa ncha.

"Koti lako liko wapi?"

"Nimeliacha nyumbani. Na buti. Nilibeba vitabu."

Damu ikanichemka. "Kwa maneno ya Komando? Mtu ambaye hata kuanika suruali hajui?"

Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa.

"Kaka, nani anamwamini Komando? Si yule aliyetuambia alikataa kazi ya urubani? Chuo kizima tunamjua."

"Sasa?"

Akatoa simu, akaifungua picha moja, akanisogezea. Chini ya fulana na tabasamu kulikuwa na maneno ambayo nilikuwa nayasoma kila wiki bila kuyatilia maanani. *Mpiga picha: kaka yenu.* Na jina langu kamili.

"Nikasema, kama kaka yupo pale, ameshika simu, na hajasema kitu, basi ni kweli. Wewe si ndiye uliyenirudisha shuleni nikamwambie mwalimu kanizidishia alama?"

Nikamrudishia simu yake.

Ni kweli. Kila Jumamosi nilikuwa pale. Sweta tatu, koti, skafu mpaka puani, kidole kimoja tu nje ya glavu, cha kubonyezea. Nilikubali kumpiga picha kwa sababu nilipenda kumwona akikimbia analia. Nilirudi chumbani nikicheka peke yangu, nikijiona mtu mwenye heshima zake.

Komando alikuja jioni ile na jozi nne za soksi za sufu. Akapiga magoti kando ya kitanda.

"Nisamehe, dada. Nilidanganya. Baridi ya huku inaniliza kila siku."

Halafu akatoka kwenye korido akaandika hivyo hivyo kwenye kundi, watu wote wasome, akaweka na picha ya suruali iliyosimama.

Mtu niliyemdharau muhula mzima alihitaji jioni moja kusema ukweli. Mimi nilikuwa nao tangu Jumamosi ya kwanza.

Ndugu yangu unayesoma, ukimwona mwongo anaendelea, jiulize unanyamaza kwa nini. Mimi nilinyamaza kwa sababu kumdharau kulikuwa kutamu. Na dharau yangu, pamoja na utamu wake wote, haikumvalisha mdogo wangu soksi.