Kipara cha Mzee Sena

Harufu ya udi huwakumbusha wenzangu harusi. Mimi hunikumbusha kipara. Niseme mapema, msije mkanihukumu katikati: mbele ya wageni waliovaa nyeupe tupu, nilimuuliza mzee wa watu alipanda nini maisha ya nyuma hata akavuna kichwa kisicho na unywele.

Nilikuwa darasa la nne. Redio ilishinda ikihubiri ujamaa, nasi tulishinda kwenye shamba la shule. Sasa nipo kidato cha tatu, mtu mzima, naweza kusimulia.

Mama alikuwa akimpikia Mwalimu Karuna, mtu wa Sri Lanka aliyeletwa Korogwe kutufundisha hesabu, akapanga nyumba Manundu. Alikuwa mfuasi wa Buddha. Sisi Wazigua wa mtaani, tuliozoea dini ya adhana na ile ya kengele, tuliliona hilo ni jambo la kuchungulia dirishani. Hakuua hata mbu. Alimpuliza tu aende zake, na mbu, kwa kukosa shukrani, alikuja kwetu.

Kila mwezi mpevu, wenzake wachache walitoka Mombo na Tanga, wakavua viatu, wakawasha udi, wakaketi mkekani. Waliongea Kiswahili, maana watoto wao waliozaliwa Tanga lugha ya kwao waliijua ya kuombea wali tu. Mimi na mdogo wangu Mwanaidi tulikaa mlangoni, tukinusa bure.

Mwanaidi mguu wake mmoja ulikonda baada ya homa, akawa anatembea kwa kushika ukuta. Siku ile alioga mara mbili. Alikuwa anakuja Mzee Sena, fundi mkuu wa karakana ya mitambo ya mkonge, na Mwalimu alikwisha kumwomba amtengenezee vyuma vya kuushika ule mguu.

Mzee Sena ndiye aliyekuwa mkubwa wao, kwa hiyo ndiye aliyezungumza. Akamtazama Mwanaidi, akasema kwa upole kabisa, "Mtoto kama huyu anavuna alichopanda maisha yaliyopita. Ukimwondolea mzigo leo, unamchelewesha tu. Nimefikiri sana. Bora tumwache aumalize."

Mwanaidi, aliyekuwa ameunyoosha mguu ili uonekane vizuri, akauvuta ndani ya gauni.

Hapo ndipo nikauliza lile swali la kipara.

Watoto walicheka hadi mmoja akapaliwa na moshi wa udi. Nikajiona bingwa. Mzee Sena akavua miwani, akaikunja. "Nipeni viatu vyangu," alisema. Ndipo nikaelewa kwamba vyuma navyo vinaondoka.

Mwalimu akainuka. Nikakaza shavu nikingoja kibao. Badala yake akapiga magoti mbele ya mzee, akaunganisha viganja, akainama hadi paji la uso likagusa mkeka. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia la chai. Nilimsikia akinong'ona, "Astaghafirullah." Kwetu mtu hamsujudii mtu. Nikasema moyoni, tumekwisha, huyu anaomba msamaha.

"Mzee wangu," Mwalimu alisema akiwa kule kule chini, "mtoto amekosa adabu, nami niliyemweka mlangoni nimekosa naye. Lakini ulichosema sicho alichofundisha Buddha. Alisema maumivu mengine hutoka kwenye nyongo, mengine kwenye hali ya hewa, mengine ni maradhi tu. Na huruma haimcheleweshi mtu."

"Unanisahihisha huku umelala miguuni pangu?"

"Nikisimama nitataka kushinda, mzee."

Mzee Sena alivaa tena miwani.

"Sijakubali," alisema. Kisha, kwa hasira: "Korogwe nzima hii, mtu anakosa kipande cha kamba?"

Nilikimbia nikaleta kamba ya mkonge, ile ya kufungia kuku. Magoti ya Mzee Sena yalilia aliposhuka. Akaupima mguu, akipiga fundo gotini na jingine kifundoni. Mimi hakunitazama kabisa. Alimuuliza Mwanaidi, "Inauma wapi, bibi?"

"Hapa, babu."

Baadaye Mwalimu aliniambia kuinama vile kwao ni salamu ya mdogo kwa mkubwa, kama shikamoo yetu. Hakuwa akiomba chochote. Kwa miaka nimeisimulia habari hii shuleni kama ushindi wangu, na kipara hakijawahi kukosa kicheko. Ila mwaka huu, katikati ya kuisimulia, nilikumbuka kitu nikakwama: siku ile watoto wote walicheka isipokuwa Mwanaidi. Mimi na Mwalimu sote tulimwambia mzee amekosea. Mwalimu alikuwa anamsemea Mwanaidi. Mimi sijui nilikuwa namsemea nani.

Jioni ile tulirudi nyumbani, Mwanaidi mgongoni kwa mama. Nikamuuliza mama kwa nini alinyamaza wakati mwanawe anasemwa vile.

"Nilikuwa natafuta pa kuweka sinia," alisema. "Mwalimu akaniwahi."