Fisi wa Ngitili na Shangazi Yangu

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja, wiki chache baada ya mimi kufyeka ngitili ya baba. Ngitili ni malisho tunayoyafunga wakati wa mvua ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Yetu, nje kidogo ya Bariadi, ilikuwa na kichaka kikubwa, na ndani yake mashimo ya fisi. Walizalia humo, wakala sungura na mizoga, mbuzi wetu hawakuwagusa. Baba alinikataza: "Hapo pana wenyewe." Lakini nilikuwa kijana, nataka kulima pamba. Nikafyeka, nikachoma, nikaziba mashimo kwa mawe.

Asubuhi hiyo zizini palipungua mbuzi wawili, na nyayo za fisi zilipita uani kwa shangazi yangu, mjane aliyeishi peke yake jirani yetu. Watu wakakusanyika.

"Fisi huyu ana mwenyewe," jirani mmoja alimwambia shangazi. "Mbona kwako hakuchukua hata kuku, mayu?"

"Kuku gani, baba?" shangazi akajibu. "Jogoo wa mwisho mlimla ninyi kwenye matanga ya mume wangu."

Wachache walicheka. Kisha wakayatazama macho yake, mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote, na kwetu macho mekundu husemwa ni ya mchawi; kicheko kikakoma. Yeye akanigeukia mimi.

"Mwana wa kaka yangu, wewe unajua fisi huyu katoka wapi. Waambie."

Nilijua. Nikatazama chini.

Hawakumpiga. Walimwambia jua lisizame akiwa pale. Alikwenda Lamadi kwa watu asiowajua, akafia huko. Habari zilitufikia amekwisha kuzikwa. Baba aliniambia neno moja tu: "Umewafukuza wote wawili, fisi na dada yangu."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Mimi guu langu ni zima; lililovunjika ni la mwingine. Pamba ilizaa misimu michache, udongo ukachoka. Fisi hawalii tena huku. Ng'ombe akifa, anaozea palepale. Nimepanda miti mara mbili, yote imekauka, na sidhani nitapanda tena.

Mwanangu, fisi hana bwana, ana kichaka. Ukikuta nyayo zake mlangoni, usimtafute mchawi, muulize aliyefyeka. Na kama ni wewe, sema palepale, mbele ya watu, hata sauti ikitetemeka. Mimi nasema leo, na aliyeniomba niseme hayupo.

Mungu akupe ulimi niliokosa siku ile.