Karani Aliyevusha Takwimu Mpaka

Karani wa kituo chetu cha afya alikuwa na miaka kumi na saba kwenye meza ile ya dirishani, na kazi yake ilikuwa kuhesabu wagonjwa. Kila Jumatatu alijaza fomu tatu zenye maswali yaleyale: ya wizara, ya mradi wa wafadhili, na ya shirika la kimataifa lililompa kishikwambi na kumwambia kwamba sasa dunia nzima itaona ugonjwa unakoanzia. Dunia ikaona, ikanyamaza.

Msimu mmoja wa mvua wakaanza kuja watu wanaoharisha maji matupu. Wanne, kisha tisa. Akatuma. Akajibiwa kwamba safu ya umri imejazwa vibaya. Akarekebisha, akatuma tena; wagonjwa wakawa kumi na wanne, na fundi viatu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akafia kwenye benchi la kusubiri. Ng'ambo ya mto ni nchi nyingine, ila maji ni yaleyale, hivyo akaomba takwimu za huko. Akaambiwa aandike barua. Kamati ya ushirikiano wa takwimu ingekaa baada ya miezi miwili. Kukaa wanakujua, hilo tusiwanyime.

Basi akampigia simu mke wa kaka yake, muuguzi wa zahanati ya ng'ambo.

"Wifi, kwenu wanaharisha?"

"Ishirini na mmoja. Karibu wote wanachota maji pale kivukoni."

"Na wangu pia."

Mazungumzo hayakufika dakika nne. Mchana uleule kila mmoja alimwendea mwenyekiti wa mtaa wake, watu wakazuiwa kuchota kivukoni, na maji ya majumbani yakaanza kutiwa dawa. Baada ya siku kumi wagonjwa walibaki wawili.

Hapo ndipo wataalamu walipojitokeza, magari matatu, vitambulisho vikining'inia shingoni kama mbuzi wa mnadani. Mkubwa wao alitaka kujua takwimu zilivukaje mpaka bila kibali, na kwa mtandao gani.

"Kwa wifi," karani akajibu.

Mtaalamu akaandika, kisha akauliza nenosiri lake ni lipi.

Taarifa yao ilitoka na ramani za rangi, ikiusifu mfumo kwa kugundua mlipuko mapema. Karani alitumiwa barua ya onyo. Aliisoma mara moja, akaifungia kabatini, na mpaka leo anapigiana simu na wifi yake kila wiki. Mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, hujifanya hasikii.