Sebule ya Mhasibu

Mwalimu Mkuu alikuwa amestaafu, lakini cheo hakukirudisha. Maishani mwake hakuwahi kucheza kamari hata ya karanga, na watoto wa mtaa walipomwona kwa mbali tu walificha karata. Donda lake lilikuwa mdogo wake wa kiume. Huyo alibashiri mechi kila wiki, na kwa kuwa karatasi ya kubashiria huitwa mkeka, mtaa mzima ulimwita Mkeka. Dada mtu alilitamka jina hilo kama anayetema mbegu ya limau.

Kiinua mgongo kilipotoka, Mwalimu aliamua kununua nyumba ya kupangisha, imlishe uzeeni asije akawa mzigo kwa wanawe. Mhasibu mmoja mstaafu, mtu wa suti na sauti ya chini, alikuwa anauza yake. Mwalimu alialikwa huko mara mbili. Mara zote aliketi sebuleni, akasifu mapazia, akanywa chai, akaaga.

"Vyumba vikoje?" Mkeka alimuuliza.

"Nitajuaje? Mgeni mwenye adabu hafunguifungui milango ya watu."

"Na hati umeiona?"

"Mtu kama yule unamwomba hati? Si utamwomba na cheti cha ndoa!"

Mkeka alishika kichwa. "Dada, mimi nikiweka hela ya soda tu kwenye mechi, najua kipa anaumwa goti, uwanja una matope, kocha kagombana na nani. Wewe unaweka kiinua mgongo chote kwa sababu ya mapazia. Halafu mcheza kamari ni mimi!"

"Nyamaza. Mimi nawekeza."

Hata hivyo maneno yale yalimkaa kooni, na siku ya kulipa alimchukua, baada ya kumwapisha kwamba atafunga mdomo na hatakula biskuti zaidi ya mbili.

Mdomo aliufunga, ila kwa kutafuna. Sahani ilipobaki makombo, akasimama. "Samahani mzee, msalani ni wapi?"

Mhasibu akakohoa. "Leo maji hayatoki."

"Haidhuru, mimi si mtu wa makuu," Mkeka akajibu, tayari keshashika kitasa cha mlango wa nyuma. Mwalimu alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mlango ulifunguka. Upande wa pili alisimama mwanamume mwenye taulo kiunoni na mswaki mdomoni, uso uleule wa Mhasibu, ila bila suti.

"Na hawa ni nani tena?"

"Wanunuzi," Mkeka akasema kwa uchangamfu.

"Wanunuzi wa nini? Kuanzia ukuta huu kurudi nyuma ni kwangu! Jiko langu, choo changu, vyumba vyote vyangu. Baba alitugawia. Kaka ana hiyo sebule na baraza, basi. Majirani wanajua, hata paka anajua!"

Mkoba wenye hundi ulikuwa mapajani mwa Mwalimu. Mhasibu aliinama, akaishusha ile sauti yake ya kistaarabu.

"Mwalimu, sisi ni watu wa heshima. Nitakupunguzia. Tuandikiane leo, haya ya ndugu yatakwisha yenyewe."

Na ajabu ni kwamba Mwalimu aliyumba. Kuondoka kulikuwa sawa na kumwita mtu wa suti mwongo, tena nyumbani kwake, chai yake ikiwa bado ya moto kikombeni. Aliyatazama mapazia, yalikuwa mazuri kweli. Kisha akawawaza wapangaji wake wakimbishia hodi bwana taulo kila wanapobanwa.

"Hati ina jina la nani?" akauliza. Sauti ilimtoka ngeni, kama ya mtu anayepatana bei ya nyanya.

Mhasibu alirekebisha tai. "La marehemu baba."

"Basi marehemu akija kusaini, nitumieni salamu," akasema, akainuka na mkoba wake.

Nje, Mkeka alitembea nyuma kidogo kama kawaida yake, kumpa dada nafasi ya kutomjua. Mwalimu akasimama mpaka akamfikia.

"Jumamosi kuna nyumba nyingine ya kuangalia," akasema bila kumtazama. "Utakuja. Na ole wako ukijifunza adabu kabla ya siku hiyo."