Mgonjwa wa Shemeji Yangu

"Shemeji, njoo uondoe mashuka yako! Yanamtonea mgonjwa wangu!"

Hiyo ndiyo salamu niliyopewa na kaka wa mume wangu asubuhi ile, kabla hata sijatua beseni la pili. Alikuwa amesimama katikati ya ua, mkono mmoja kiunoni, wa pili ukiinyooshea kamba ya nguo kana kwamba nimeanika nyoka. Chini ya kamba alikuwapo mgonjwa mwenyewe: trekta dogo la bustani, lililokuwa jekundu enzi zake, siku hizi rangi ya tofali bichi. La aina ile ukilikalia, magoti yanakaribia masikio.

"Mgonjwa gani huyo, hafi wala haponi?" nikamuuliza. "Kamba hii ilikuwapo kabla ya trekta."

"Maji yakiingia kwenye waya wa plagi, atalaumiwa nani?"

"Aliyemlaza mgonjwa chini ya kamba ya nguo."

"Shemeji, wewe una mdomo."

"Na wewe una matrekta. Mdomo wangu angalau hauvuji oili."

Ndani ya nyumba, mume wangu akaongeza sauti ya redio. Ndiyo kawaida yake. Mimi na kaka yake tukianza, yeye hujificha kwenye taarifa ya habari.

Huyu shemeji yangu watu humwita Kesho, na jina hilo amelitafuta mwenyewe. Ujana wake wote aliutumia kwenye idara ya bustani za mji, akitengeneza vile vitrekta vya kukatia nyasi na kulimia vitalu vya maua. Idara iliponunua vipya, vikongwe vikatupwa nyuma ya stoo vishikwe na kutu. Akaomba kimoja. Halafu cha pili. Baadaye akaacha kuomba, maana walinzi walikuwa wanamfungulia geti kabla hajakohoa. Sasa ua wetu una matrekta mengi kuliko viti, na kila mwenye kitrekta cha babu yake humletea yeye, kwa sababu vipuri vyake haviuzwi tena popote. Gasketi za kuzibia injini anazikata kwenye maboksi ya viatu. Springi ya kabureta moja aliitoa kwenye kalamu yangu. Nikamwona nayo, nikamuuliza nitaandikia nini, akanijibu nina maneno ya kutosha mdomoni, niandike ya nini?

Jina la Kesho limetokana na sheria yake. Akishamaliza kutengeneza, hampi mtu mashine yake siku hiyo, hata umpigie magoti. Anasema injini iliyopata moto itawaka hata ukiitukana. Yeye anataka imuitikie ikiwa baridi. Kwa hiyo mashine lazima ilale. Alfajiri, kabla hajaonja chai, anatoka na singlendi yake kuivuta kamba mara moja. Ikiitika, mwenye mashine anaitwa. Ikisita, anaifungua yote upya, na ukija unaambiwa, "Njoo kesho." Mkewe alipokuwa hai, alikuwa anasimama mlangoni na upawa mkononi anamwambia, "Wewe, mpe mtu kitu chake." Tangu atangulie mbele ya haki, hakuna wa kusimama mlangoni. Mimi nina upawa wangu na mlango wangu.

Sasa huyu mgonjwa mwekundu alikuwa mali ya Nesi. Nesi ni mjane, amestaafu, watoto wamesambaa huko duniani, na marehemu mumewe alimwachia kishamba cha vitunguu na kabichi na hilo trekta la kukilimia. Ni mama wa sauti ya chini, lakini sauti hiyo imewanyamazisha wanaume wazima waliokuja kushonwa vidonda. Alilileta trekta kwa Kesho kabla ya mvua. Mvua zikaja, zikaondoka, trekta lipo. Kila Jumamosi Nesi anakuja kuulizia.

Na kila Jumamosi ni mchezo uleule. Shemeji amevaa shati safi. Anafuta kiti cha trekta kwa kitambaa, anavuta kamba, injini inaitika, pa-pa-pa-pa, Nesi anaanza kutabasamu. Mara injini inakohoa, inatikisika, kimya. Shemeji anavua kofia kama yuko msibani.

"Bado, Nesi. Kifua."

"Kifua tena, fundi?"

"Kifua kibaya. Njoo Jumamosi."

Halafu wanakaa kwenye benchi wanakunywa chai mpaka kivuli kinahama. Chai ninapika mimi, naomba ieleweke.

Nilipoanua mashuka siku ile ya ugomvi wetu, shuka jeupe lilikuwa limejaa vidoa vyeusi. Nikavinusa. Masizi. Nikajiuliza, trekta bovu linatoa wapi masizi? Siku ya pili nikajifanya naenda sokoni, nikatoka na kikapu, nikazunguka, nikarudi kwa upande wa karakana. Nikamkuta bwana mkubwa amekaa juu ya mgonjwa, magoti masikioni, analizunguka tangi la maji huku anapiga mluzi. Injini haikohoi hata kidogo. Inaimba.

Aliponiona, akazima.

"Shemeji. Nilikuwa najaribu."

"Endelea kujaribu, naangalia."

Nikainama. Chini ya tangi la petroli pana koki ndogo, ndogo kama kitufe cha koti. Nimeishi na matrekta haya muda wa kutosha kujua kazi yake. Ukiifunga, injini inakunywa tone lililobaki kwenye kabureta, halafu inakufa kwa kiu. Nikamtazama. Akaitazama koki. Nikamtazama tena.

"Kifua!" nikasema. Nikacheka mpaka nikaliegemea tangi la maji.

"Punguza sauti, basi."

"Amepona lini?"

Akazungusha kofia mikononi, akasema, "Akichukua trekta lake, Shemeji, atakuja kufanya nini hapa?"

Majibu nilikuwa nayo, tena makali. Lakini uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeketi kwenye benchi lake peke yake, nikayameza yote.

"Mwambie ukweli," nikamwambia. "Mwambie tu, 'Karibu chai.' Mama yule si mtoto."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Kesho."

Huo ndio ubishi wa mtu huyu.

Jumamosi ikafika, na Nesi akafika mapema, tena hakuwa peke yake. Nyuma yake alikuja mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wake, amejifunga kamba kiunoni tayari kwa kazi. Shemeji alikuwa ameshafuta kiti. Na koki, kama kawaida yake, alikuwa ameshaifunga.

Nesi hakukaa.

"Fundi, nimechoka," akasema. "Nusu ya shamba nimeilima kwa jembe, na mgongo huu si wa jembe tena. Leo liwashe. Likiendelea kuwaka, naondoka nalo. Likizima, huyu bwana analipakia, na mimi na wewe tumemalizana."

Shemeji akavua kofia. Tumemalizana! Akiifungua koki mbele ya Nesi, anaonekana mwongo. Asipoifungua, trekta linakwenda kukatwa vipande na Nesi haji tena. Akanitupia jicho. Mimi nilikuwa hapo hapo kwenye kamba yangu ya nguo, koki iko usawa wa mkono wangu, kidole kimoja tu kingetosha. Akanikonyeza, akaonyesha kwa kidevu. Nikachukua kibanio, nikabana soksi. Akakonyeza tena, macho yote mawili. Nikabana soksi ya pili.

"Una kitu jichoni, fundi?" Nesi akauliza.

"Vumbi."

Akavuta kamba. Pa-pa-pa-pa. Akaanza kuongea harakaharaka, mara joto la leo, mara bei ya mbegu, kana kwamba maneno ni petroli. Injini ikakohoa. Mwenye mkokoteni akaanza kuifungua kamba kiunoni. Injini ikatikisika, ikapiga pa, ikapumzika, ikapiga pa nyingine.

Shemeji akapiga goti, akafungua koki.

Trekta likameza, likakwama kidogo, halafu likanguruma hadi soksi zangu zikacheza kwenye kamba.

Nesi akainama. Akaitazama koki. Akaifunga kwa vidole viwili, akasikiliza injini ikianza kukohoa, akaifungua, ikapona papo hapo. Akasimama taratibu.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za kwanza."

"Wodini nimeona mengi," akasema Nesi. "Nimeona mwanaume akichovya kipimajoto kwenye chai ili asirudi kazini. Lakini mtu kulifundisha trekta kujifanya mgonjwa, hilo ndiyo leo. Kwa nini?"

Shemeji akasema kitu na kofia yake.

"Sema kwa nguvu, injini ina kelele!"

"JUMAMOSI INGEBAKI TUPU!" akapayuka.

Akasikia Nesi, akasikia mwenye mkokoteni, wakasikia majirani wa pande zote mbili. Ndani ya nyumba, redio ikazimwa.

Mimi nilitegemea Nesi acheke, au arushe kofi, nilikuwa tayari kwa lolote. Hakufanya hata kimoja. Alikunja mikono ya gauni lake.

"Sawa," akasema. "Nakudai shamba. Nusu ambayo haijaguswa utailima. Nusu niliyolima kwa jembe nimeilima vibaya, utairudia. Utalima mwenyewe, na utalima leo."

"Leo? Mashine haijalala, Nesi. Ngoja kesh..."

"Fundi."

Akapanda.

Mwenye mkokoteni akaanza kulalamika kwamba amekuja bure. Nikamwambia asinung'unike, nikamwonyesha fremu moja yenye kutu iliyonichania magauni yangu mawili pale ukutani, nikamsaidia kuipakia. Shemeji hajaiulizia mpaka leo, na mimi sioni sababu ya kumkumbusha.

Shambani nilikwenda, nani angenizuia? Na mume wangu naye akafuata, jambo ambalo halijapata kutokea. Tukakaa ukingoni tukimtazama Kesho akienda na kurudi, plau ndogo ikigeuza udongo nyuma yake, shati safi limekuwa ramani. Nesi alikuwa anamfuata kwa miguu akiokota mawe na kumtupia maneno.

"Umeuacha mstari hapo katikati, fundi! Rudi!"

"Nimeuona!"

"Umeuona na umeupita!"

Jua likawaka. Alipoinuka kugeuza trekta nilimwona anajishika mgongo, hataki tuone. Alikuwa amelima yote, iliyolimwa na isiyolimwa, kimebaki kipande chembamba kando ya uzio. Nesi akainua mkono. Injini ikashuka sauti.

"Shuka."

"Bado kile cha uzioni. Deni ni deni, Nesi."

"Hicho nimekusamehe. Shuka, unanikalia kiti changu."

Akashuka, miguu imekakamaa kama ya meza. Nesi akajipandisha, akaweka gauni vizuri, akatia gia mwenyewe kama mtu aliyekuwa ameisubiri siku hiyo, akaondoka kuelekea uzioni. Shemeji akabaki amesimama kwenye udongo mpya. Hata jiwe la kuokota halikuwapo tena, lakini naye akaanza kumfuata nyuma.