Kitambaa Chekundu Hakikuanikwa

Mmenichosha na maswali yenu ya historia ya chama, utadhani mimi sina kazi. Haya, someni.

Dobi wa mkuu wa polisi alikuwa na kichwa kigumu kuliko jiwe la kufulia. Chama cha kupigania uhuru kilikuwa kimepigwa marufuku, na wanachama walikutana karakanani kwa seremala, mkabala na nyumba ya mkuu. Macho yao hayakubanduka kwenye kamba ya nguo ya nyumba ile. Dobi akisikia askari wanapangwa, huanika kitambaa chekundu cha meza. Watu hutawanyika kama hawajuani. Mara tatu aliwaokoa.

Siku ya kuchagua kamati alijitokeza kifua mbele. Katibu akacheka.

"Mama, huku tunataka wanaojua kusoma. Wewe tufulie tu."

Karakana nzima ikaangua kicheko. Hata wifi yake, dada wa mumewe, akaziba mdomo kwa kiganja.

Alhamisi iliyofuata akasikia askari wakihesabiwa barazani. Kitambaa anacho mkononi, kimekwisha kamuliwa. Akasema moyoni, "Waliosoma na wajisomee." Akakirudisha kwenye beseni.

Alidhani watafokewa tu, wafukuzwe. Wakabebwa watu tisa. Katibu aliruka dirisha. Wifi alitoka jela baada ya miezi minane, mkono wa kulia haunyooki, akaja moja kwa moja kwa dobi.

"Wifi, siku ile walikuwahi, eh?"

"Waliniwahi," dobi akajibu, ameinamia beseni lisilo na nguo.

"Si nilisema! Niliwaambia wote, wifi yangu hawezi kututupa. Hebu lete nguo nikusaidie, mkono mmoja bado mzima."

Uhuru ulipopatikana, majina yakaandikwa ukutani, ofisi ya tawi. La dobi juu kabisa. La wifi chini, panapopigwa deki. Siku hiyo wifi alimpigia makofi kwa kugonga paja. Wifi amezikwa akiuamini uongo ule.

Uzeeni dobi aliingia darasa la watu wazima, na neno la kwanza alilolisoma mwenyewe ni jina lake, pale ukutani. Tangu hapo, akifika ofisi ile huvuka barabara.

Basi nyinyi wasomi, chukueni rangi. La dobi lifuteni, la wifi lipandisheni juu. Na asinijie mtu hapa kwenye beseni langu kwa maswali mpaka rangi ikauke.